Je, Wajua? Kukariri Orodha ya Maneno Hakuyaweki Kichwani

Mwanafunzi anayejiandaa kwa TOEFL (mtihani wa Kiingereza) au GRE (mtihani wa kuombea shahada za juu) huwa na daftari la safu mbili: kushoto neno la Kiingereza, kulia maana yake. Anasoma kutoka juu hadi chini, anarudia, anarudia tena. Mzunguko wa sita hakuna neno linalomshtua, basi analifunga daftari akiamini yameingia. Wiki ikipita, mengi yametoweka, naye anajilaumu kwamba kichwa chake ni kizito au hakurudia vya kutosha. Lawama zote mbili si za haki. Kichwa ni kizima, na mizunguko sita zaidi isingemsaidia sana.

Ushahidi ulio wazi kabisa wa jambo hili ulipatikana kwa kutumia Kiswahili. Mwaka 2008, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, walichapisha katika jarida la Science jaribio ambalo wanafunzi wa chuo walijifunza maneno 40 ya Kiswahili, mashua likiwa mojawapo, pamoja na maana zake kwa Kiingereza. Lugha yetu inafaa mno kwa kazi hiyo: herufi zake Mmarekani anazisoma bila taabu, ila maana haijui hata kidogo.

Wote walijifunza mpaka kila neno wakalipatia. Hapo ndipo njia zilipoachana. Kuna walioendelea kuyasoma maneno waliyokwisha kuyapatia bila kuulizwa tena, na kuna walioendelea kuulizwa bila kuyasoma tena. Baada ya wiki moja, walioendelea kuulizwa walikumbuka takriban asilimia 80. Wale wa kusoma tu walikumbuka asilimia 36. Na kwa walioendelea kuulizwa, kuongezewa kusoma hakukuwapa faida yoyote ya maana. La kustaajabisha zaidi ni kwamba walipotakiwa kukisia mapema watakumbuka kiasi gani, makundi yote yalisema karibu nusu. Hakuna aliyehisi tofauti iliyokuwa inajengeka ndani yake.

Kwa nini iwe hivyo? Fikiria mtu anayepelekwa kwa shangazi yake na bodaboda. Amepita njia ile mara kumi, duka la kona analijua, mwembe anaujua, kila kitu anakitambua kikimpita. Siku akiambiwa aende peke yake kwa miguu, anasimama njia panda ya kwanza hajui akate wapi, kwa sababu siku zote aliyeamua ni dereva. Aliyetembea mwenyewe mara mbili, akasita, akakosea na kurudi, anafika. Daftari lenye maana pembeni ndilo dereva: jicho linapewa jibu kabla akili haijalitafuta. Kutambua neno ni kazi moja, kulitoa kichwani ni kazi nyingine, na inayoimarika ni ile unayoifanya.

Kwa hiyo funika safu ya kulia kwa kiganja, jiulize, jibu, ndipo ufunue. Kisha acha siku zipite kabla ya kujiuliza tena. Faida ya kuachanisha marudio aliieleza Mjerumani Hermann Ebbinghaus tangu 1885.

Ila tusilipe jaribio lile uzito kupita kiasi. Lilipima wiki moja, na lilihusu jozi za neno na maana, tena upande mmoja tu: ukioneshwa neno, utaje maana. Anayetaka kulitumia neno katika insha anahitaji pia safari ya kinyume. GRE nayo iliondoa maswali ya kuchagua kinyume cha neno mwaka 2011. Sasa inatoa sentensi yenye pengo, na katika aina moja ya swali unachagua maneno mawili kati ya sita yatakayoipa sentensi maana ileile. Hapo neno kama enervate, linalosikika kama kutia nguvu ilhali ni kuzimaliza, humnasa aliyelikuta kwenye orodha tupu. Neno kama hilo liandikie kadi ya kujiulizia: sentensi nzima yenye pengo mbele, na neno lenyewe nyuma.