Rimu kubwa na vioo vya giza: soma namba kabla ya kulipa

Gari likishatoka bandarini na kusajiliwa, wengi hulipitisha sehemu mbili kabla halijazoea nyumbani: kwa muuza rimu na kwa fundi wa tinti. Urembo hauna ubaya. Sisi tunaofundisha ufundi wa magari tunachokiona ni kwamba pesa hiyo hutolewa kwa kutazama picha, wakati mambo yenyewe yameandikwa kwa namba.

Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo yake. Kuna kibandiko. Kama gari limetoka Japani maneno ni ya Kijapani, lakini ukubwa wa tairi na kiwango cha upepo havihitaji mkalimani. Tuseme kimeandikwa 185/65R15. Hiyo 185 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 120. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Jumlisha rimu na ubavu wa juu na wa chini: tairi zima lina kimo cha milimita 621 hivi. Hiyo ndiyo namba ya kulinda, kwa sababu mshale wa spidi na mpangilio wa gia vilipigiwa hesabu kwayo.

Rimu ikikua, ubavu sharti upungue. 195/55R16 inakurudisha kwenye 621 ileile. 205/45R17 inakupa 616, bado ni jirani. Lakini muuzaji akikufungia 205/55R17 kwa kuwa ndiyo iliyobaki stoo, umepanda hadi 657, karibu asilimia 6. Mshale ukisoma 80, gari linakwenda kilomita 4 na nusu kwa saa zaidi ya lilivyokuwa likienda na tairi la mwanzo, na askari mwenye tochi ya kupima spidi hatakuuliza umefunga rimu gani. Ukikata kona hadi mwisho, tairi linaweza kusugua ndani ya fenda. Mafundi makini hawavuki tofauti ya asilimia 3.

Kuna namba nyingine ambayo wauzaji huiruka, ile inayofuata baada ya ukubwa. 88 maana yake tairi moja linabeba kilo 560. 84 ni kilo 500. Tairi la 185/65R15 kwa kawaida ni 88, na 205/45R17 la kawaida ni 84. Kwa hiyo unaweza kulipia tairi pana zaidi na la bei zaidi, halafu ukapata linalobeba kilo 60 pungufu kila pembe ya gari. Kwa gari la familia linalopanda Moshi Desemba na watu watano na mizigo ya sikukuu, hilo si dogo. Tafuta lenye alama ya XL (tairi lililoimarishwa kubeba zaidi) na namba 88, ulijaze upepo unaolingana na namba hiyo.

Ubavu wenyewe ulioshuka kutoka milimita 120 hadi 92 za 205/45R17 ndio uliokuwa ukimeza mashimo. Ukiwa mfupi, shimo linagonga rimu: inapinda, au tairi linatoa uvimbe pembeni, na mtikisiko uliobaki unaishia kwenye bushi, boljointi na shokapu. Gari dogo linalolala mtaa usio na lami, mimi ningeliongezea inchi moja tu, basi. Inchi mbili ni za anayetoka lami kuingia lami.

Kisha matundu ya nati kwenye rimu. Vitz, na IST ya toleo la kwanza, zina nati 4 kwenye duara la milimita 100. Harrier na RAV4 zina nati 5 kwenye 114.3, ilhali Mercedes-Benz na Audi nyingi ni 5 kwenye 112. Tofauti hiyo ya milimita mbili na kidogo haionekani kwa macho, na rimu inaweza kuingia kwa kulazimishwa. Stadi, yaani bolti zinazoshika rimu, zikikaa upande, siku moja hukatika. Nati nazo si zote sawa. Rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye shingo na washa bapa, ilhali rimu za dukani hutaka yenye ncha ya koni. Ukibadilisha rimu, badilisha na nati, halafu zikazwe upya baada ya kilomita 100 hivi. Tundu la katikati la rimu likiwa kubwa kuliko kitovu cha gari, weka pete ya kulijaza, la sivyo usukani unaweza kutetemeka na balansi isiutibu. Speza za kusukuma tairi nje? Zinaongezea beringi mzigo ambao haikutengenezewa.

Tuje kwenye vioo. Sheria ya Japani inataka kioo cha mbele na vya milango ya mbele vipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga. Vya nyuma havina kikomo hicho. Ndiyo maana magari mengi huja na vioo vyeusi nyuma pekee. Weusi huo mara nyingi ni wa kioo chenyewe, kwa hiyo usimlipe mtu aubandue.

Karatasi ya tinti haijumlishwi na kioo, huzidishwa. Kioo kinachopitisha asilimia 80 kikibandikwa karatasi inayopitisha asilimia 35, kinachobaki ni 28. Mchana utaona sawa. Usiku, kwenye kioo cha ubavuni, ndipo bodaboda isiyo na taa inapopotea, na hatuna sababu ya kulainisha maneno: milango ya mbele isitiwe giza.

Na wanaotafuta ubaridi wanadanganywa na rangi. Karibu nusu ya nishati ya jua ni miali isiyoonekana, kwa hiyo karatasi ya kauri iliyo angavu inaweza kuzuia joto kuliko ile nyeusi tii ya bei poa, ambayo baada ya muda hugeuka zambarau na kufanya malengelenge. Muulize fundi inazuia joto kiasi gani. Akikujibu kwa weusi tu, hajui anachouza. Kioo cha nyuma chenye nyaya za kuondoa ukungu kisikwanguliwe kwa wembe, maana nyaya hizo hukatika kirahisi.

Ukikuta gari la mtumba limeshafungwa vyote hivi, linganisha tairi na kibandiko cha mlangoni, pitisha kiganja upande wa ndani wa rimu kutafuta nyufa na sehemu zilizochomelewa, ushushe vioo vyote ulione gari mwangani. Halafu muulize muuzaji rimu za mwanzo ziko wapi. Kama ameziuza, hapo pana hoja ya kupunguziwa bei.