Pampu Haionji Maji

Unguja haina mto mkubwa wa kuutegemea. Maji tunayokunywa hutoka ardhini, ndani ya mawe ya chokaa na matumbawe yaliyojaa nyufa, na kwa kuwa kisiwa kimezungukwa na bahari, maji matamu hukaa juu ya maji chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi. Sisi wahandisi wa maji hufundishwa kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko takriban mita 40 chini yake; kwa hivyo anayevuta maji kwa pupa akashusha kimo chake mita 1 tu, huipa chumvi nafasi ya kupanda mara 40 ya kiasi hicho.

Wachimbaji visima wa zamani hawakuwa na hesabu hiyo, lakini tabia ya maji waliijua barabara. Mzee mmoja niliyefanya naye kazi ukanda wa mashariki alikuwa akimalizia kuchimba wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, maji ya bahari yakiwa yametoka, kwani visima vya pwani hupanda na kushuka pamoja na bahari. Akishapata kina cha kuzamisha ndoo, hateremki tena hata mwenye kiwanja akimsihi. Kisha huyaonja maji hayo, wakati wa kupwa na wakati wa kujaa, na hakikabidhi kisima mpaka aridhike.

Mwezi Mei 2008 waya wa umeme uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980 kutoka Tanzania Bara ulipata hitilafu, na Unguja ikakaa karibu mwezi mzima bila ya umeme. Desemba 2009 balaa likajirudia kwa takriban miezi mitatu. Pampu ziliposimama, watu walibeba madumu kutafuta visima, wakakuta vingi vimeshafukiwa kwa kifusi na vingine vimegeuzwa makaro ya maji machafu, jambo la hatari mno, maana nyufa za matumbawe hazichuji uchafu. Na hapa mjini Sultani Sayyid Barghash alishaleta maji kutoka chemchemi za upande wa Bububu katika karne ya 19, kwa mteremko peke yake!

Sisemi turudi kwenye ndoo, kwani mji huu hautoshelezwi na ndoo. Kinachonisumbua ni kuwa mashine ilichukua kazi ya mzee yule bila ya kurithi uamuzi wake. Maji yakipungua, siku hizi jawabu ni kuteremsha bomba zaidi na kufunga mota kubwa zaidi, yaani lile lile alilolikataa, na chumvi ikishaingia huweza kuchukua miaka kutoka.

Kipimo cha chumvi tunacho, lakini fundi akiniletea namba moja bila ya kujua bahari ilikuwa imejaa au imetoka, namba hiyo hainifai kitu. Kwa hiyo katika daftari la vipimo nimeongeza safu mbili, ya hali ya bahari na ya ladha, na asiyezijaza humrudisha kisimani.