Ghala Lililofutika Kwenye Riwaya Yangu

Kutoka darajani, posta haionekani. Nilisimama pale karibu nusu saa. Nikasogea kulia, nikasogea kushoto, nikapanda ukingo wa daraja, mtu mzima mimi, wapi! Mbele ya posta kuna ghala refu la mawe limeziba kila kitu. Nikajipa moyo kwamba labda limejengwa juzijuzi. Kulikuwa na mzee amekaa kivulini akinitazama muda wote huo, nikamwendea, nikamwuliza. "Hilo nimezaliwa nimelikuta, mwanangu," akaniambia.

Basi lilikuwepo nilipokuwa nikiishi pale. Nililipita kila siku nikienda shule. Na kwenye riwaya yangu nimelibomoa bila kujua.

Kwangu hilo halikuwa jambo dogo, maana sura ya mwisho yote imekaa juu ya daraja hilo. Msichana anaondoka na begi lake, anafika katikati ya daraja, anageuka, anamwona mama yake amesimama mlangoni pa posta. Mama hapungi mkono. Watu watatu waliosoma rasimu, wote walisema hapo ndipo walipolia.

Hii ni riwaya yangu ya nne, lakini ni ya kwanza ambayo mji wake una ndugu wa damu duniani. Niliishi kwenye mji huo miaka miwili tu, nikiwa na umri wa miaka 9 hadi 11, kisha sikurudi. Wa kitabuni nimeupa jina jingine. La ule wa kweli silitaji, na sababu yake nitaifikia. Swali ninaloulizwa sana na waandishi wenzangu ni kwa nini sikwenda kwanza, ndipo nikaandika. Nilichelewa kwa makusudi.

Ukienda kabla ya kuandika, mji unakushika kalamu. Unarudi na daftari limejaa rangi za milango, vibao vya mitaa na majina ya miti, na kila ulichokiandika kinadai nafasi kwa kuwa umekitolea jasho. Kumbukumbu ya miaka mingi imeshakufanyia kazi ya mhariri, tena mhariri mkali. Imetupa karibu kila kitu. Kilichobaki kimebaki kwa sababu fulani, na mara nyingi sababu hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Ila mhariri huyo ni mwongo pia. Kwa hiyo lazima uende, lakini nenda na mswada uliokamilika mkononi.

Wapo waliofanya kazi bila hata hiyo kumbukumbu. Stephenie Meyer, mwandishi wa riwaya ya Twilight, alihitaji mahali pa mawingu kwa ajili ya wanyonya damu wake, ambao hawawezi kukaa juani mbele za watu. Akatafuta kwenye intaneti sehemu ya Marekani yenye mvua nyingi kupindukia, akaangukia Forks, mji mdogo wa jimbo la Washington unaopata takriban milimita 3,000 kwa mwaka. Alikwenda kuuona kwa macho yake mwaka 2004, hadithi ikiwa imeshaandikwa, na kitabu kikatoka 2005. Mwisho mwingine wa kamba yuko Thomas Hardy. Huyu alikulia jirani na Dorchester, Uingereza, akarudi kuishi hapo mwaka 1883, na riwaya yake ya Casterbridge, ambayo ni Dorchester hiyohiyo kwa jina la kubuni, iliyotoka 1886, aliiandika Dorchester ikiwa nje ya mlango wake. Akisahau kona, anavaa viatu anakwenda kuitazama. Leo hii kuna jengo la benki mjini humo lenye kibao kinachosema kwamba, kwa wanavyosadiki watu, ndiyo nyumba aliyoishi meya wa Casterbridge. Meya ambaye hajawahi kuzaliwa! Kibao hicho hunichekesha, na hunitisha kidogo.

Wengi wetu tuko katikati ya hao wawili, na shida zetu ni za katikati. Basi nieleze nilivyofanya.

Kabla ya kusafiri nilichora ramani ya mji kwa kichwa tu, bila kuchungulia popote. Wazo nimeliazima kwa mwandishi wa Marekani, William Faulkner, aliyechora ramani ya wilaya yake ya kubuni, Yoknapatawpha, na kuiweka kwenye kitabu chake cha 1936, akajiandika humo kuwa ndiye mmiliki wake pekee. Ramani ya kichwani usiisahihishe ukifika. Chora nyingine pembeni, kisha ziweke zote mbili mezani. Pale zinapopishana ndipo penye kazi. Yangu haikuwa na ghala. Mahali pake nilikuwa nimechora duara dogo tupu, na hadi leo sijui mkono wangu ulikusudia nini.

Siku ya kwanza sikupiga picha hata moja. Ukishapiga picha, jicho linajiona limemaliza kazi. Nilibeba mswada, penseli na saa, nikazipita njia za wahusika wangu kwa saa zilezile wanazozipita kitabuni. Tukio la alfajiri, nikaamka alfajiri. Harufu na sauti zinajileta zenyewe, hazihitaji maelekezo.

Chukua njia ya kutoka stesheni hadi nyumbani. Kitabuni imemeza sura nzima, kurasa 11, na msichana anachoka mara mbili njiani. Nilipoipita mwenyewe, dakika sita. Nikarudia, sita. Nikarudia mara ya tatu nikiwa na begi zito, kwa kuwa yeye alikuwa na begi, nikapata tisa. Aibu ilinipanda hadi masikioni. Kalamu ilikuwa inawasha kukata kurasa saba pale pale barabarani. Kisha nikakumbuka kwamba anayesimulia sura ile ni mtoto anayeingia mji asioujua, usiku, nyuma ya baba asiyegeuka kumtazama. Kwa miguu yake njia ile ina kurasa 11. Nikaacha kila neno, isipokuwa sentensi moja niliyoandika "nusu saa". Urefu anaouhisi ni mali yake, lakini saa ya ukutani ni ya watu wote.

Kipimo nilichoondoka nacho ni hiki: msomaji asiyeujua mji huu atalikamata kosa hili? Dirisha la chumba cha msichana, kwa mfano. Sura ya tatu jua la asubuhi linamwangukia kitandani kupitia dirisha hilo. Sura ya kumi na nne anakaa dirishani hapo hapo, magharibi inamchoma macho. Nyumba ya kweli bado ipo, na dirisha linatazama mashariki. Msomaji wa popote atanikamata kwa kosa hilo. Kadhalika mtelemko: kwangu alikuwa anashuka mbio kwenda mtoni, halafu anashuka mbio kurudi nyumbani. Wasomaji watatu hawakuliona, mhariri hakuliona, ila mimi nilipoanza kuhema kwenye kile kilima nililiona bila kuambiwa. Hayo nimeyarekebisha yote mawili, bila majadiliano.

Sasa watu. Mji mdogo husoma riwaya kama unavyosoma orodha ya majina, ukitafuta lako. Siku ya tatu habari zilikuwa zimeshaenea kwamba kuna mwandishi, na mama mmoja akanisimamisha kuniuliza kama nimemwandika marehemu shemeji yake. Sikumfahamu shemeji yake. Alivyonieleza tabia zake, nikatambua kwamba mwalimu wa kitabuni mwangu, niliyedhani nimemzua mwanzo hadi mwisho, ana kikohozi chake na namna yake ya kukunja gazeti. Usiku ule nikamnyang'anya mwalimu kikohozi. Gazeti nikamwachia, halimdhuru mtu. Ndiyo sababu silitaji jina la mji: mwalimu wangu anafanya jambo baya ukurasa wa 140, na marehemu hana namna ya kujibu.

Isitoshe, jina likishatajwa halirudi. Illiers ya Ufaransa ilijiongezea mwaka 1971 jina la Combray, mji wa kubuni wa riwaya ya Marcel Proust, miaka mia tangu mwandishi huyo azaliwe, na sasa mji wa kwenye ramani unaitwa Illiers-Combray, nusu ukweli, nusu riwaya. Aracataca, Kolombia, alikozaliwa Gabriel García Márquez, walipiga kura mwaka 2006 waongeze jina la Macondo, mji wa kubuni wa riwaya zake, ikashindikana kwa sababu waliojitokeza hawakutosha. Nawapenda sana hao waliobaki majumbani. Na jina lenyewe la Macondo lilikuwa la shamba la ndizi lililoonekana kutoka kwenye treni. García Márquez alilikuta tena alipokuwa akisafiri na mama yake kwenda kuuza nyumba ya babu na bibi yake. Nyumba iliyompa vitabu, na yeye anakwenda kuiuza!

Turudi kwenye ghala. Kwa kipimo changu, kosa la posta linaruhusiwa. Hakuna msomaji wa mbali atakayejua kwamba haionekani kutoka darajani, na machozi ya watu watatu si kitu cha kuchezea. Nilikuwa nimeshaamua kuliacha. Jioni ya mwisho nikarudi darajani kuaga tu, nikageuka nikiwa sina penseli wala mswada, na ndipo mwili ukakumbuka kabla ya kichwa. Siku tuliyohama niligeuka hivihivi. Sikuona mtu. Niliona ukuta wa mawe, na nilikaa nikiutazama hadi nikavutwa mkono.

Kumbe niliubomoa ukuta ule ili mtu aweze kusimama nyuma yake.

Nimelirudisha ghala. Katika rasimu mpya mama ameahidi kuja kusimama mlangoni pa posta saa nne kamili, msichana anafika katikati ya daraja saa nne kamili, anageuka, na mbele yake kuna mawe. Hakuna zaidi. Sura imepungua kurasa mbili. Nimewatumia wasomaji wangu watatu wiki iliyopita. Wawili bado wako kimya. Wa tatu ameniandikia neno moja tu:

"Alikuja?"