Kinanda cha Mdomo na Piano: Noti Mbili Ambazo Mpiga Piano Huziacha

Mpiga piano anapokaa kwa mara ya kwanza na mpuliza kinanda cha mdomo ili wapige bluzi wawili peke yao, jambo gumu kuliko yote kwake ni kuziacha noti mbili ambazo vidole vyake huzikimbilia vyenyewe, yaani mi na ta (ta ni ti iliyoshushwa nusu toni). Nimepiga kwa mtindo huu hapa Dodoma kwa miaka kadhaa, na kila mpiga piano niliyekaa naye amekwama hapo hapo, hata yule aliyesoma muziki vizuri. Ndiyo maana naeleza sababu yake kwa kirefu, kwa lugha ya do-re-mi ambayo wanakwaya wetu wengi wanaielewa.

Kinanda cha mdomo cha bluzi ni kile kidogo chenye matundu 10 na vilimi 20 vya shaba, kimoja cha kupuliza na kimoja cha kuvuta katika kila tundu. Kimetengenezwa kwa ufunguo mmoja tu, na jina la ufunguo huo limeandikwa juu yake, lakini mpiga bluzi kwa kawaida hakipigi katika ufunguo huo. Akishika cha C hupiga wimbo wa G, akishika cha A hupiga wimbo wa E. Sababu iko kwenye pumzi. Ukivuta hewa kuanzia tundu la 2 hadi la 5 kwenye kinanda cha C, unapata G, B, D na F, ambazo kwa mwanakwaya aliyeweka do kwenye G ni do, mi, so na ta. Hiyo ndiyo kordi ya nyumbani ya bluzi, na bahati njema ni kwamba iko upande wa kuvuta, ambako sauti hupindika. Ukipuliza matundu hayo hayo unapata kordi ya fa. Kwa hiyo kuvuta ni nyumbani, kupuliza ni safari.

Kupinda ni kushusha sauti kwa ulimi na koo bila kuhama tundu. Tundu la 2 kwa kuvuta hushuka nusu toni mbili, la 3 hushuka nusu toni tatu, la 4 moja. Katika tundu la 3 mpulizaji anaweza kusimama mahali popote kati ya mi na ma, yaani mi iliyoshushwa nusu toni, na mahali hapo pasipo na jina ndipo kilio cha bluzi kinapokaa. Piano ina mi na ina ma, lakini kati yao haina kitu. Mpiga piano hodari huiga kwa kugusa ma na kuteleza upesi hadi mi, na huo ni ufundi mzuri akiwa peke yake. Akiufanya wakati mwenzake anapinda tundu la 3, masikio ya msikilizaji yanapewa majibu mawili kwa swali moja.

Hata bila kupinda, vyombo hivi viwili havikubaliani. Mafundi huigawa nusu toni katika sehemu 100 ziitwazo senti. Kwenye piano, mi iko senti 400 juu ya do, na ta iko senti 1000, kwa sababu nusu toni zote 12 zimelinganishwa ili mpigaji aweze kuhamia ufunguo wowote. Sauti asilia, zile zinazozaliwa na uzi au hewa yenyewe, hazifuati hesabu hiyo: mi ya asili iko karibu senti 386, na ta ya asili iko karibu senti 969. Vinanda vya mdomo vya zamani, kama vile Marine Band ambavyo kampuni ya Hohner ya Ujerumani ilianza kuvitoa mwaka 1896, vilipangwa kwa sauti hizo za asili, ndiyo maana kordi yake ya kuvuta hutulia kama maji mtungini. Vingi vya siku hizi vimepangwa kwa mapatano, katikati ya asili na piano, na vipo vilivyofuata piano kabisa. Mimi bado napenda vya zamani, na sijaona sababu ya kubadilika.

Kwa mtu wa Dodoma ta hiyo ya chini haipaswi kuwa ngeni. Nyimbo za Wagogo zimejengwa juu ya sauti asilia hizo hizo, ikiwemo ile ya saba inayotoa ta ya asili, na anayesikiliza ilimba, ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, iliyopangwa kwa sikio la mpigaji, au rekodi za mwanamuziki wa Kigogo, marehemu Hukwe Zawose aliyetutoka mwaka 2003, ataisikia ta ikiwa imekaa chini ya ile ya piano na imetulia hapo bila wasiwasi. Sidai kwamba bluzi ilitoka Ugogoni. Nasema tu kwamba mwanafunzi wa huku, nikimwonyesha ta ya kuvuta, haiiti mbovu.

Aliyeiita mbovu alikuwa mwenzangu wa sasa, mwalimu wa kwaya aliyenizidi umri kwa miaka mingi, ambaye piano ameijua tangu utotoni. Tulikuwa kwenye mazoezi ya jioni katika ukumbi mdogo maeneo ya Kikuyu. Alipiga do, mi, so na ta kwa mkono wa kulia, mimi nikavuta tundu la 4 na la 5 kwa pamoja, na kati yetu ukatokea mkwaruzo kama wa nyuki waliofungiwa kwenye kopo.

“Mwanangu, hiyo ta yako imeshuka,” aliniambia.

“Imeshuka kweli, Mwalimu, na ndivyo ilivyotengenezwa. Naomba utoe kidole kwenye ta, na cha mi pia, ubaki na do na so, halafu nivute tena.”

Alitoa vidole viwili. Nilivuta taratibu matundu yale yale mawili. Mkwaruzo ulikoma, na ile kordi ikawa kama imepigwa na mtu mmoja, do na so zikitoka kwenye nyuzi, ta ikitoka kifuani mwangu. Aliacha mkono wake juu ya piano mpaka sauti ikaisha yenyewe. “Basi ta ni yako,” alisema, na tangu siku ile hajaigusa ninapovuta.

Mkono wake wa kushoto haukuhitaji kubadilika sana. Sauti ya chini kabisa ya kinanda cha C ni ile C ya katikati ya piano, na hata cha G, ambacho ni cha chini zaidi kati ya vile vya kawaida, kinaanzia G iliyo chini yake kidogo tu. Eneo lote la besi ni mali ya piano. Kwa kuwa hakuna ngoma wala gitaa, mkono huo ndio unaoshika mwendo, na ukiyumba sote tunaanguka. Mgongano hutokea kwa mkono wa kulia, katika oktavu mbili zilizo juu ya C ya katikati, ambako mimi ndiko ninakoishi. Hapo ama anapunguza, ama anapanda juu kabisa na kutikisa noti mbili upesi upesi, kama alivyokuwa akifanya mpiga piano Otis Spann nyuma ya wapulizaji wa bendi ya mwimbaji wa bluzi Muddy Waters kule Chicago. Anayetaka kujifunza kazi hii asikilize Spann, aliyefariki mwaka 1970, kabla ya kumsikiliza mpulizaji yeyote. Kisha arudi nyuma kwa mpulizaji John Lee Williamson, aliyeuawa Chicago mwaka 1948, asikie jinsi alivyopishana na wapiga piano kama Blind John Davis na Big Maceo.

Kupishana huko kunatokana na pumzi pia. Mimi lazima nipumue, piano haipumui, na mpiga piano asiyelikumbuka hilo hujaza kila nafasi hadi wimbo unakosa hewa. Mwalimu wangu alilielewa haraka kwa sababu kwaya ina mwanzilishi na waitikiaji: nikimaliza mstari ananiitikia kwa noti tatu nne, kisha ananyamaza kabla sijaanza, wala si baada ya kuanza.

Kuna mahali ambapo mambo hugeuka. Bluzi ya kawaida ina vipimo 12 vya mapigo manne, na kipimo cha 9 huwa ni kordi ya so. Kwa wimbo wa G kordi hiyo ni D, F kali (F iliyopandishwa nusu toni) na A. Kinanda changu cha C hakina F kali iliyo tayari. Naipata tu kwa kupinda tundu la 2 nusu toni moja, ikiwa chini na dhaifu, na pale katikati, tundu la 5, nina F ya kawaida tu, ambayo ni ta yangu. Hapo namwachia Mwalimu kila kitu. Nashika so moja, tundu la 4 kwa kuvuta, bila kutikisa, naye anaipiga kordi yake kamili kwa mikono miwili, akijilipa kwa yote aliyoyaacha katika vipimo vinane.

Hali ya hewa ya huku inaongeza kazi. Kiangazi cha Dodoma ni kirefu na kikavu, mbao za piano hupoteza unyevu, na sauti yake hushuka. Vinanda vya mdomo, kwa upande mwingine, hupangwa na watengenezaji wengi juu kidogo ya A ya mitetemo 440 kwa sekunde, mara nyingi 442 au 443, kwa kuwa pumzi hushusha kilimi. Kwa hiyo kufikia Septemba piano ya ukumbi ule iko chini yangu kwa namna inayosikika. Noti za kuvuta ninaweza kuzishusha kidogo zimfuate. Za kupuliza, tundu la 1 hadi la 6, hazikubali, kwa hiyo miezi hiyo tunakaa kwa uchache kwenye kordi ya fa. Kwa piano ya umeme tatizo hili huisha kwa kuipandisha hadi 442, ingawa yale ya mi na ta yanabaki vilevile.

Jioni ya juzi tulimaliza mazoezi kwa wimbo wa taratibu wa E, nami nimeshika cha A. Kordi ya mwisho aliipiga chini, do na so tu, akakanyaga pedali. Nilivuta ta mara moja, nikafungua viganja polepole, nikaiacha ikae juu ya nyuzi zake mpaka pumzi yangu ilipoisha. Piano iliendelea kulia kidogo baada yangu, mi ikiwa haijapigwa na yeyote.