Klasi ya ampli: herufi ndogo inayoamua batri yako itakula nini

Ukipindua ampli ya gari, kile kifaa kinachokuza sauti ya muziki kabla haijafika kwenye spika, utakuta herufi: AB, au D. Hapa Lubumbashi wengi huzisoma kama alama za shule, A ya mwanafunzi hodari na D ya aliyeanguka. Kumbe zinaeleza namna transista za ndani, vipande vidogo vinavyodhibiti umeme, zinavyofanya kazi, yaani umeme wa batri unageuka sauti kwa kiasi gani, na kiasi gani kinapotea kama joto.

Transista ya klasi A hupitisha umeme muda wote, hata wimbo ukinyamaza. Sauti yake ni safi, ila umeme unaofika kwenye spika hauvuki nusu ya ule uliotumika, na mara nyingi hata robo haufiki. Kwenye gari ni nadra kuikuta. Klasi B inagawa kazi: transista moja inabeba nusu ya juu ya wimbi, mwenzake nusu ya chini, na pale zinapopokezana sauti inakwaruza. AB ilikuja kuondoa mkwaruzo huo, kwa kuziacha zote mbili wazi kidogo wakati wa kupokezana. Hiyo hutoa takribani asilimia 50 hadi 65 ya umeme inaoula.

D ina njia yake kabisa. Transista zake ni swichi zinazofunguka na kufungwa maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde, na upana wa kila mpigo ndio unaobeba umbo la muziki. Koili na kapasita huchuja mipigo hiyo, unabaki wimbo. Swichi iliyofunguka kabisa au iliyofungwa kabisa hupoteza umeme kidogo sana, ndiyo maana D hufikia asilimia 80 hadi 90. Na herufi hiyo haimaanishi dijitali. Ilifuata tu baada ya C.

Sasa tupige hesabu. Unataka wati 500 za kweli. AB yenye asilimia 50 itavuta wati 1,000 kutoka kwenye gari. Injini ikiwaka, volti zikiwa 13.8, hizo ni ampea 72 na ushee. D yenye asilimia 80 itavuta wati 625, yaani ampea 45. Alternateri, mashine inayozungushwa na injini kutoa umeme, kwenye magari madogo mengi hutoa ampea 60 hadi 100 injini ikikimbia. Ukiwa umekwama kwenye foleni jioni, injini ikizunguka polepole, hupungua sana, na taa pamoja na feni navyo vinadai chao. Ni kweli muziki haukai kileleni muda wote. Lakini kila besi inapopiga, kinachopungua lazima kitoke kwenye batri.

Taximan mmoja wa komini ya Katuba alinijia na neno moja: "Yaya, ampli yangu ni ya wati 3,000. Mbona besi ikikaza tu, inazima?"

Nilimwonyesha fyuzi za ampli yenyewe kabla ya kugusa kitu kingine. Zilikuwa mbili, kila moja ya kupitisha mwisho ampea 30. Sitini mara 13.8 ni wati 828 zinazoingia, na kwa kuwa ilikuwa AB, zinazotoka kwa mfululizo ni kama 500. Zile 3,000 zimechapishwa kwa rangi tu. Ukienda kununua, soma fyuzi kwanza.

Halafu nikakata ncha ya waya wake. Nje ilikuwa nyekundu ya shaba, ndani nyeupe: alumini iliyopakwa shaba juu. Hili huniuma, nalisema wazi. Mji huu umesimama juu ya shaba, mkoa wenyewe uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, na bado tunafungiwa alumini kwenye magari yetu. Alumini hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba ya unene uleule. Mita 5 za shaba ya milimita 16 za mraba, zikipitisha ampea 45, hupoteza robo ya volti. Za milimita 6 hupoteza zaidi ya nusu volti. Wa kwake ulikuwa mwembamba zaidi, na waya wa hasi ulikuwa umefungwa juu ya rangi ya bodi. Besi ikipiga, kwenye batri nilisoma volti 13.6, kwenye ampli 10.4. Ndipo ilipokuwa inajizima, kwa kukosa volti za kutosha.

Tuliweka shaba tupu ya milimita 16, na fyuzi karibu na batri, isizidi sentimita 45, maana waya huo ukikwaruzwa na bodi bila fyuzi gari linaweza kuwaka moto. Chini ya kiti tulikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, tukaifunga hasi hapo. Besi ikapiga tena, kipimo kikasoma 13.1 kwenye ampli ileile.