Kulipa deni hakufuti jina CRB

Wakenya wengi huamini kwamba ukimaliza kulipa mkopo uliokushinda, jina "linatoka" CRB, yaani kampuni zinazotunza rekodi za mikopo ya watu, siku hiyo hiyo. Halitoki. CRB si jela ya wadaiwa. Ni daftari, na hata anayelipa vizuri yumo. Kinachobadilika ni hali ya deni: linaandikwa kuwa limelipwa, lakini rekodi ya kuchelewa hubaki miaka 5 tangu ulipomaliza kulipa. Kwa hiyo anayetaka umtumie pesa akufutie jina ni tapeli tu. Wewe lipa, kisha uombe ripoti yako kwa CRB zenyewe, yaani Metropol, TransUnion au Creditinfo, uone kama mkopeshaji amepeleka taarifa kuwa umelipa. Wakopeshaji wengine huzembea, nawe unaendelea kunyimwa mikopo kwa deni ulilokwisha kulipa.