Nambari ya kutoka: skripti inayoanguka kila mara inasema nini

Kwenye Linux, kila programu inapomaliza huacha nyuma nambari moja, kati ya 0 na 255. Hiyo ndiyo nambari ya kutoka. Sifuri ni salama. Nyengine yoyote ni ishara kwamba kuna jambo. Wakala wa ufuatiliaji kama Nagios au Zabbix, yaani programu inayokagua hali ya seva, akiendesha skripti (faili lenye amri zinazofuatana) ikaanguka usiku kucha, anza na nambari hii kabla hujaiwasha upya.

Kwenye skrini ya amri utaipata kwa `echo $?`, lakini andika amri hiyo papo hapo, maana amri yoyote utakayopitisha katikati inaifuta nambari. Ikiwa skripti inapitishwa kwenye bomba (alama ya `|`, inayopeleka matokeo ya amri moja kwa nyengine), mfano `kagua.sh | tee logi.txt`, nambari unayoiona ni ya `tee`, ambayo karibu siku zote ni sifuri. Kwenye bash, yaani programu inayosoma amri zako, weka `set -o pipefail` ili kosa la amri yoyote ndani ya bomba lionekane, vyenginevyo utatafuta kosa mahali ambapo halipo.

126 maana yake faili lipo lakini haliendesheki, mara nyingi ruhusa. 127 ni amri haikupatikana. Hii ya pili ndiyo inayowachosha watu: skripti inafanya kazi vizuri ukiiendesha mwenyewe, ikiendeshwa na cron, programu inayoendesha amri kwa ratiba, inaanguka. Cron kwa kawaida inatafuta amri ndani ya `/usr/bin` na `/bin` tu, na wakala naye ana mtumiaji wake mwenye mazingira yake. Andika njia kamili ya kila amri, kisha ijaribu kwa jina la mtumiaji yule yule: `sudo -u zabbix /opt/skripti/kagua.sh`.

Nambari inayozidi 128 mara nyingi inasema kwamba programu imeuliwa. Toa 128 utapata nambari ya ishara iliyoiua, yaani ujumbe unaotumwa kwa programu kuiamuru isimame au kuikata. 143 ni ishara ya 15, yaani iliombwa isimame. 139 ni ya 11, programu imegusa kumbukumbu isiyo yake. 137 ni ya 9, imekatwa bila kuulizwa, na hapo mshukiwa wa kwanza ni kerneli yenyewe (kiini cha Linux) baada ya RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, kwisha. Hakikisha kwa `journalctl -k | grep -i "out of memory"`. Tahadhari moja: systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux, haiandiki 137, inaandika `status=9/KILL`. Jambo ni lile lile.

RAM huishaje kwa skripti ndogo? Chukua seva ya Chake Chake yenye RAM ya GB 2, ambayo kila dakika inauliza hali ya seva nyengine iliyopo Unguja. Mtandao baina ya visiwa ukizorota, `curl`, amri inayouliza seva kupitia mtandao, isiyowekewa kikomo cha muda inakaa kusubiri. Cron haijali kwamba nakala ya kwanza haijamaliza. Dakika ikifika inazindua ya pili, ya tatu. Ikiwa kila moja inakula MB 30, baada ya saa moja ziko 60, sawa na MB 1,800. Kerneli inalazimika kuua, na kwa kawaida inachagua mchakato unaokula kumbukumbu nyingi zaidi, ambao pengine ni hifadhidata. Unaona hifadhidata imekufa, unaishughulikia siku nzima, na aliyesababisha ni skripti ya mistari kumi.

Dawa yake ni mstari mmoja kwenye cron:

`* * * * * flock -n /tmp/kagua.lock timeout -k 5 20 /opt/skripti/kagua.sh`

`flock -n` inazuia nakala ya pili, na `timeout` inasimamisha skripti ikifika sekunde 20. Ikisimama hapo, nambari inakuwa 124. Ikikaidi na kukatwa kwa nguvu sekunde 5 baadaye, inakuwa 137, kwa hiyo usiharakie kuilaumu RAM.

Kwa Nagios nambari zina maana ya pili: 0 sawa, 1 onyo, 2 hatari, 3 haijulikani. Skripti ya Python ikianguka kwa kosa lisiloshikwa inatoka na 1, na Nagios inaonesha onyo la kawaida wakati ukaguzi wenyewe haukufanyika kabisa. Shika makosa yote ndani ya skripti na utoke na 3.

Umeme ukirudi baada ya kukatika, seva huweza kuwaka kabla ya vifaa vya mtandao. Huduma yenye `Restart=on-failure` inajaribu tena kila baada ya milisekunde 100, na ikishaanza mara 5 ndani ya sekunde 10 systemd inakata tamaa; huduma inabaki chini hata mtandao ukirudi. Weka `RestartSec=30`, pamoja na `Wants=network-online.target` na `After=network-online.target` ili huduma isubiri mtandao. Iliyokwishakwama, ifungue kwa `systemctl reset-failed`, kisha iwashe.